Elfu Tano ya Chumvi

Nafundisha somo la biashara kwenye shule moja ya sekondari hapa Mbeya. Kila mwaka tukifika mada ya benki naandika ubaoni aina za akaunti: ya akiba, ya muda maalumu, ya hundi. Naeleza kwa Kiingereza kama mtaala unavyotaka, halafu narudia kwa Kiswahili ili wanafunzi waelewe. Hakosekani mmoja wa kunyoosha mkono na kuuliza kama mimi mwenyewe nimewahi kuandika hundi. Sijawahi. Nimeiona moja tu maishani, na ilikuwa mkononi mwa mtu mwingine. Basi nawaambia wasihangaike na karatasi. Maana ya akaunti ile ni kwamba fedha haziji kukaa, zinakuja kupita. Mshahara unaingia, unalipa umeme, unalipa ada, unatuma mchango wa harusi ya mtu usiyemjua vizuri, na kila kinachopita kinaacha mstari wake.

Zamani nilikuwa namalizia hivi: "Mkipewa taarifa ya akaunti ya mtu mkaisoma vizuri, mmemsoma mwenyewe." Nilikuwa naipenda sentensi hiyo, naisema huku nikikung'uta chaki mikononi. Siku hizi naiacha. Nilisoma akaunti ya mama yangu mzazi kwa karibu miaka mitatu, mstari kwa mstari, na yeye sikumsoma. Nilimwona mtu mwingine kabisa, mzee aliyeanza kuchanganyikiwa na anayeibiwa na mwenye duka. Kwa sababu ya huyo mtu niliyemtunga kichwani, nikamfanyia mama yangu jambo ambalo hadi leo linanichoma.

Mama anakaa Kilolo, kwenye nyumba waliyojenga na Baba, na tangu Baba afariki anakaa peke yake. Ana shamba la njegere na viazi, na nyuma ya nyumba kuna miparachichi ambayo Baba aliipanda watu wakimcheka. Ile miti ilipoanza kuzaa vizuri, wanunuzi wakatangaza kwamba hawalipi tena fedha mkononi, kila mkulima awe na akaunti. Nikaomba ruhusa shuleni, nikapanda basi la alfajiri, nikamkuta Mama Iringa mjini amevaa kitenge chake cha kwendea kanisani, tukaingia benki.

Vidole vyake vilikataa. Dada wa benki alimwekea kidole gumba kwenye kile kimashine, hakuna kitu. Akaweka cha pili, hakuna kitu. Akavifuta kwa kitambaa, akavipaka mafuta kidogo, akambonyezea mwenyewe, bado. Jembe lilikuwa limeshavilainisha vidole vya Mama vikawa kama sabuni iliyotumika.

"Alama zangu ziko kwenye mpini wa jembe, mwanangu," Mama akamwambia yule dada. "Ungesema mapema ningekuja nalo."

Dada wa benki alicheka hadi akashika meza. Mimi sikucheka, nilikuwa nawaza basi la kurudi. Mwishowe kidole kidogo cha mkono wa kushoto kikakubali, tukaendelea na fomu. Dada akauliza namba ya simu ya mteja. Mama hakuwa na simu, na kabla hajafungua mdomo nikataja yangu.

"Ni bora hivi," nilimwambia. "Meseji zote zitakuja kwangu. Ukitoa naona, ukiweka naona. Hakuna atakayekuibia hata senti."

"Utaona baada ya siku ngapi?"

"Siku ngapi nini, Mama? Muda huohuo."

"Hata ukiwa Mbeya?"

"Hata nikiwa Mbeya."

Akaitikia kwa kichwa. Nilidhani anashangaa maendeleo. Halafu akaambiwa achague namba ya siri, na hapo akanigeukia na kuniambia niangalie kule dirishani. Nikageuka nikicheka, mama yangu aliyekuwa hanifichi hata umri wake sasa ana siri na mashine.

Mwezi uliofuata nilimnunulia simu, kitochi cha vitufe vikubwa, nikamwandikia humo namba moja tu, yangu. Ndipo kubipu kulipoanza. Simu inalia mara moja na kukatika. Nampigia.

"Mama, kuna shida?"

"Hakuna shida, mwanangu. Kamwene."

"Kamwene. Mama, niko darasani."

"Haya, nenda, nenda. Nilikuwa nakusalimia tu."

Alibipu asubuhi, alibipu mchana, alibipu siku moja tukiwa kwenye kikao cha walimu na mkuu wa shule akanitazama kwa jicho la pembeni. Nina hasira za karibu, sitaki kujipamba. Jioni ile nilimpigia na sikuuliza hata hali yake. Nikamwambia, "Mama, hii simu ni ya kazi. Usinibipu tena. Nikipata nafasi nitakupigia mwenyewe. Ukiona sijapiga ujue nina kazi, unanisumbua bure." Akasema, "Haya, mwanangu. Nimeelewa."

Mama ni mtu wa kuambiwa mara moja. Hakubipu tena hata siku moja. Na mimi nafasi sikuipata. Ningependa kusema kazi zilikuwa nyingi, lakini nilipata nafasi ya kikoba cha Jumamosi, nilipata nafasi ya kusuka, nilipata nafasi ya kubishana kwenye kundi la WhatsApp la walimu kuhusu nani ale posho ya usimamizi wa mitihani. Nafasi ya Mama ndiyo ilikosekana.

Ilikuwa Jumanne, saa ya mapumziko, nakunywa chai na mandazi ofisini, meseji ikaingia: umetoa shilingi elfu tano kwa wakala. Wakala wa benki pale kijijini kwa Mama ni mwanamke mmoja mwenye duka, anauza sukari, mbegu na mafuta ya kula, na pembeni ya mzani ana kile kimashine cha kuchanjia kadi. Nilikuwa sijamaliza kusoma, tayari nimeshapiga.

"Mama, umetoa hela?"

"Eeh, nimetoa."

"Za nini?"

"Chumvi. Chumvi imeisha."

"Chumvi ndo elfu tano?"

"Na vitu vingine vya hapa na pale, mwanangu. Huko Mbeya baridi imeanza?"

Kwa kuwa tulishakuwa hewani, nilimwambia imeanza. Akauliza kama nimekula. Akauliza kifua changu kilichokuwa kinanikohoza kama kimepona. Akanieleza ng'ombe wa jirani amezaa pacha na watu wanakwenda kuangalia. Kengele ikalia nikakata. Baada ya kama nusu saa meseji nyingine ikaingia: umeweka shilingi elfu nne. Nikaona ajabu kidogo, nikaingia darasani.

Wiki mbili baadaye ikarudi tena, elfu tano nje, elfu nne ndani. Halafu ikawa kila wiki. Na kila mara nilipiga, kwa sababu fedha ni kitu ambacho siwezi kukiona kikitembea bila kuuliza kinakwenda wapi. Na kila mara jibu lilikuwa chumvi. Nikawa askari wa mama yangu. Nilimweleza kwamba benki inakata ada kila anapotoa, kwamba atoe nyingi kwa mpigo mmoja akae nazo, kwamba akaunti inavuja kama debe bovu.

"Wanakata kiasi gani?" aliuliza.

Nikamtajia. Akafikiri.

"Si nyingi," alisema.

Sikulala vizuri na jibu hilo. Si nyingi! Mama huyu ndiye aliyetulea kwa kuhesabu mashuke ya ulezi, aliyekuwa akikataa kupanda gari hadi Ipogolo kwa sababu miguu haina nauli. Nikaanza kutafuta nani anafaidika. Wakala wa benki analipwa kamisheni kwa kila muamala, hilo nalifundisha mwenyewe. Akitoa, kamisheni. Akiweka, kamisheni. Nikamwona yule mwenye duka akimwambia mzee asiyejua, toa mama, sasa weka mama, njoo na wiki ijayo. Hesabu ilikaa sawa kabisa, na mwalimu wa biashara hesabu ikimkalia sawa huwa haulizi tena kama ni kweli.

Shule zilipofunga mwezi wa sita wa mwaka uliofuata nikapanda basi. Ulikuwa msimu wa baridi kali. Basi liliposimama Nyololo abiria wakashuka kununua mahindi ya kuchoma na kunyoosha miguu, mimi nilibaki kwenye kiti nikipanga maneno. Nilikuwa na hotuba nzima kichwani, ina utangulizi na hitimisho.

Nilipofika, Mama alikuwa shambani, nikaingia jikoni kutafuta maji. Kwenye rafu ya juu, kule tulikokuwa tukificha sukari utotoni, kulikuwa na pakiti za chumvi. Zilikuwa zimepangwa mbili mbili hadi ukutani. Nilizishusha nikazihesabu, ishirini na tatu. Za nyuma zilikuwa zimeshaganda zikawa jiwe. Nilisimama pale na hofu ikanishika kwanza, hofu ya kweli, kwamba mama yangu akili zinamwacha na mimi niko mbali. Halafu hofu ikageuka hasira, maana hasira ndiyo ninayoijua zaidi.

Alipoingia na jembe begani nikamwonyesha.

"Mama, hii nini?"

Akazitazama zile pakiti, akanitazama mimi.

"Chumvi haiozi," alisema.

Nilimshika mkono nikaenda naye dukani. Kulikuwa na watu watatu wanne wamekaa kwenye benchi la nje wakiota jua. Sikusalimia. Nilimwambia yule mwenye duka mbele yao kwamba anamzungusha mama yangu apate kamisheni, kwamba anamuuzia chumvi mtu asiyekumbuka alichonunua jana, kwamba nikitaka naweza kumfungia uwakala kwa simu moja. Hilo la mwisho lilikuwa uongo, sijui hata simu hiyo inapigwa wapi. Ni mwanamke mdogo kwangu, alikuwa na mtoto mgongoni. Alifungua mdomo, akamwangalia Mama aliyesimama nyuma yangu.

"Mwache, mwanangu," Mama alisema haraka. "Kosa ni langu."

Kisha akamwambia yule mwanamke maneno mawili matatu ya Kihehe, ya chini chini. Nilisikia. Alimwomba anyamaze. Nikaelewa kwamba ni aibu ya mtu aliyeibiwa akagundua, nikazidi kupandwa na hasira. Nikamwambia Mama anipe kadi. Aliifungua kutoka kwenye pindo la khanga, akaifuta kwa kidole gumba kama unavyofuta sahani ya mgeni, akanipa. Nikaitia kwenye pochi.

"Usiwe na wasiwasi," nilimwambia tukirudi nyumbani. "Hela za parachichi zikiingia zitakaa salama huko huko benki. Na mimi nitakutumia zangu kila mwezi kwenye simu. Hutahangaika tena na mambo ya kadi."

"Asante, mwanangu," alisema.

Niliporudi Mbeya nikaenda benki yangu na kujaza fomu ya maagizo ya kudumu. Kila mshahara ukiingia, kiasi fulani kiondoke chenyewe kwenda kwenye simu ya Mama. Nilijiona mtoto wa mfano. Nikaanza hata kuitumia kama mfano darasani, kwamba tazameni faida za akaunti ya kila siku, mtu unaweza kusahau lakini akaunti inakukumbukia. Wanafunzi wakaandika hivyo kwenye madaftari yao. Na kweli ilinikumbukia. Hela zilikwenda tarehe ile ile bila mimi kugusa simu, na kwa kuwa sikugusa simu, sikupiga. Meseji za elfu tano zilikoma, na nikaona amani imerudi.

Sisemi sikumpigia kabisa. Nilimpigia Krismasi, nilimpigia nilipougua, nilimpigia hela za parachichi zilipoingia. Lakini maongezi yalikuwa yamefupika. Alianza kusema "Eeh?" na "Unasemaje, mwanangu?" mara nyingi, nami nikarudia kwa sauti kubwa, kisha nikachoka nikasema mtandao wa Kilolo mbovu, tutaongea siku nyingine. Nilimtembelea mara moja na furushi la madaftari ya kusahihisha, nikalala siku mbili, nikasahihisha siku mbili. Alikuwa ananiletea chai na kukaa mbali kidogo, akinitazama tu. Nilidhani uzee umempa utulivu.

Hivyo ikapita miaka miwili. Pasaka ya mwaka jana nilikwenda kukaa wiki nzima. Nilipiga hodi mlangoni mara tatu. Mlango ulikuwa wazi, namwona amekaa kwenye kigoda amenipa mgongo, anamenya njegere. Nikapiga hodi ya nne kwa nguvu. Hakugeuka. Nilipomgusa bega aliruka, bakuli likamwagika, na aliponitambua akaanza kucheka na kunishika uso. Nikamwambia "Kamwene, Mama." Akawa anaangalia midomo yangu.

Masikio yalikuwa yamekwisha. Daktari wa Iringa mjini niliyempeleka kesho yake aliniuliza tatizo lilianza lini. Nilisimama pale kama mwanafunzi ambaye hakusoma. Akauliza kama huwa tunaongea naye kwa simu, na kama niligundua lolote. Nikasema mtandao ulikuwa unasumbua. Alisema kwa umri ule na kwa hali aliyoiona ndani ya masikio, vifaa vya kusaidia kusikia tungeweza kujaribu ila tusitegemee makubwa. Tulijaribu. Mama alivivaa siku mbili akavitoa, akasema vinamletea kelele za upepo tu.

Siku ya tatu ya wiki hiyo nilipika mboga, nikatafuta chumvi. Haikuwepo. Nilipanda kwenye kigoda nikaangalia rafu ya juu, ilikuwa tupu, imefutwa vumbi. Zile ishirini na tatu alikuwa amezila zote, na za mwisho lazima alizitwanga kwa jiwe. Ikabidi niende dukani, na duka ni lile lile.

Yule mwanamke alinitambua kabla sijafika kwenye meza. Niliomba chumvi. Akaiweka mezani.

"Elfu moja." Nilipokuwa nahangaika na pochi akasema, "Mwalimu, samahani nikuulize. Ile kadi ya mama ulimrudishia?"

"Bado."

"Ungemrudishia."

Nikauliza kwa nini, na sauti yangu bado ilikuwa na makali ya kijinga. Alitoka nyuma ya meza, akanionyesha lile benchi la nje.

"Mama alikuwa anakaa pale. Anakuja, anatoa elfu tano, anakaa pale na kisimu chake mapajani. Ananiambia, 'Sasa hivi Mbeya imeshalia.' Anasubiri. Simu ikiita ananiangalia kwanza, anacheka, ndo anapokea. Mkimaliza kuongea ananunua chumvi ya elfu moja, anasema nimemwambia mtoto chumvi, sitaki kumdanganya. Zile zinazobaki ananipa nimrudishie kwenye akaunti."

Nilikuwa nimeshika ile pakiti kwa mikono miwili.

"Nikamwambia, mama, si ununue vocha ya mia tano umpigie mwenyewe? Hawa benki wanakukata zaidi ya hiyo. Akasema, 'Hapana. Amenikataza kumsumbua. Nikipiga mimi namsumbua, ila akipiga yeye, ametaka mwenyewe.'"

"Siku ile mbona hukusema?"

"Si ulimsikia alivyoniambia? Alisema usimwambie, ataona aibu mbele za watu."

Nilimwomba msamaha. Aliniambia yeye ameshazoea kutukanwa, kazi ya hela za watu ndivyo ilivyo, nisilie juu ya unga wake. Nikaondoka na chumvi, na mboga ile sikumbuki ilikuwa na ladha gani.

Kwenye basi la kurudi Mbeya nilifungua meseji za benki. Sijawahi kuzifuta, mimi ni mtu wa kumbukumbu. Nikazipanga na orodha ya simu nilizopiga nilizokuwa naziandika kwenye diary ya kazi, maana nilikuwa naandika hata hilo, "nimempigia Mama kuhusu matumizi." Elfu tano nje, nimempigia, elfu nne ndani. Kila mstari ulikuwa hivyo. Mmoja tu ulikuwa tofauti. Jumamosi moja ametoa saa nne asubuhi. Siku hiyo nilikuwa kwenye sendoff ya mwalimu mwenzetu kule mtaa wa Mwanjelwa, niliiona meseji, nikasema nitampigia baadaye, muziki ulikuwa mkubwa. Sikumpigia. Elfu nne zimeingia saa kumi na moja jioni.

Nilipiga hesabu mara mbili nikiamini nimekosea. Saa nne hadi saa kumi na moja. Majuto ni mjukuu, wanasema, na mimi wangu alikuwa amenikalia mapajani kutoka Iringa hadi Uyole.

Nilirudi likizo ya mwezi wa sita, na kadi nikaifunga kwenye kitambaa safi. Nilimpa asubuhi ya kwanza. Aliitazama, akanitazama, akaenda kubadilisha nguo, akavaa kile kitenge cha kanisani. Tukatembea hadi dukani taratibu, yeye mbele.

Mwenye duka aliandaa mashine. Nilisimama karibu nimsaidie, nikiwaza itabidi tuombe namba mpya, miaka imepita. Mama akanisukuma bega niangalie kule. Nikageuka. Nilisikia vitufe vinne vikibonyezwa bila kusita, na karatasi ikaanza kutoka. Huyo ndiye niliyemwita mtu asiyekumbuka alichonunua jana.

Alipokea elfu tano yake, akaenda kukaa kwenye benchi, akaweka kitochi mapajani na kukitazama. Nikakaa pembeni yake, mkono wake umegusa wangu. Simu yangu ikalia kwenye mkoba: umetoa shilingi elfu tano kwa wakala. Yeye hakuisikia. Lakini aliacha kuangalia kitochi, akaniangalia mimi, kisha akarudi kukiangalia, akawa anasubiri.

Nikampigia. Kitochi kikawaka taa na kutetemeka kwenye khanga yake. Akamwangalia mwenye duka kwanza, akacheka, akakiweka kwenye sikio.

"Haloo, mwanangu. Kamwene."

"Kamwene, Mama," nilisema kwenye simu, tukiwa bega kwa bega. "Umetoa hela?"

"Chumvi," alijibu, macho yake yako kule barabarani ambako Mbeya iko. "Chumvi imeisha." Halafu akauliza kama huko baridi imeanza. Akaacha nafasi, akaitikia "Eeh." Akauliza kama nimekula, akaacha nafasi. Akauliza kifua kama kimepona, akauliza wanafunzi wangu wananisikiliza, akauliza nitakuja lini. Kila swali aliliachia nafasi yake ya jibu.

Nilimjibu yote, moja moja. Hakusikia hata neno.